Siku Moja Iliyozidi Iskandaria

Jua litokapo huzizima nyota zote, na nyota ziwakapo Jua huwa limekwisha kuzama. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua Jua liko wapi miongoni mwa nyota huona kwamba viwili hivyo anavyotaka kuvilinganisha havionekani pamoja, na hana budi amtafute mpatanishi wa tatu awezaye kuonana na wote wawili. Habari ya mpatanishi huyo, pamoja na habari ya siku moja iliyozidi katika hesabu ya Jua mjini Iskandaria, ikawafuata wanazuoni wa falaki kwa zaidi ya miaka mia nane kutoka Misri hata Raqqa, na kutoka Raqqa hata Isfahan, ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa, kwa sababu naiona kuwa ni miongoni mwa habari tukufu kabisa katika tarehe ya elimu, ijapokuwa hamna vita ndani yake wala mfalme aliyeteka miji.

Jua, kama lionekanavyo kwetu, halikai mahali pamoja mbinguni. Kila siku husogea kuelekea mashariki miongoni mwa nyota kwa daraja moja kasoro kidogo, hata mwaka ukitimia huwa limekwisha kuizunguka mbingu yote na kurejea lilikoanzia. Na njia hiyo ndiyo duara la buruji. Watu wa Babeli, yapata karne ya tano kabla ya Nabii Isa, waliigawanya katika mafungu 12 yaliyo sawasawa, kila fungu daraja 30, jumla yake daraja 360, na mafungu hayo ndiyo tunayoyajua pwani kwa majina ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Wengi wetu tumeyasikia majina haya kwa wapigao falaki, wenye kutazamia watu siku ya ndoa au siku ya safari, nami sina neno nao. Lakini asili ya buruji ni kipimo, na aliyezigawa alitaka kwanza kujua kila kitu cha mbinguni kiko wapi. Baadaye Wayunani waliuweka mwanzo wa kuhesabu pale Jua lilipo siku ile ya Machi mchana na usiku vinapolingana, na kutoka hapo Jua, Mwezi, sayari na nyota zote zikapewa daraja zake kuelekea mashariki. Hizo ndizo longitudo za mbinguni.

Basi mambo yote yakategemea kuijua siku hiyo ya ulinganifu, iwe ya Machi au ile mwenzake ya Septemba, kwani aliyeikosea amelikosea Jua, na aliyelikosea Jua amezikosea nyota zote, maadam zote hupimwa kutoka kwake. Iskandaria palikuwa na pete kubwa za shaba zilizosimamishwa mahali pa hadhara, kwa mwinamo wa kulingana na mstari wa istiwai wa mbinguni. Nusu ya mwaka Jua huimulika pete ya namna hiyo kwa upande wa kaskazini, na nusu kwa upande wa kusini, na saa ile linapovuka, kivuli cha sehemu ya juu ya pete huangukia barabara ndani ya sehemu ya chini. Hapo mtazamaji huandika siku na saa, na kazi yake imekwisha. Kuieleza ni rahisi, lakini Ptolemy, yule ambaye Waarabu humwita Batlimus, asimulia kwamba pete zilizokuwa katika uwanja wa mazoezi wa mji ule zilikuwa zimekwisha kuyumba, hata ile kubwa iliyo kongwe mwanga wake ulihama upande mara mbili katika siku moja, ikaonekana kana kwamba Jua limevuka, likarudi, likavuka tena. Naye akatoa onyo kwa hesabu: chombo kikipotoka kwa sehemu moja tu katika sehemu 3,600 za duara, ambazo ni dakika 6 za daraja, mtazamaji ataliona Jua limevuka robo siku kabla au baada ya wakati wake. Alikumbuke onyo hilo mwenye kusoma, kwani aliyelitoa ndiye litakayemrudia.

Kabla yake alikuwako Hipparchus, mzaliwa wa Nicaea aliyefanya kazi zake kisiwani Rhodes katika karne ya pili kabla ya Nabii Isa, na huyu ndiye aliyemtumia yule mpatanishi kwa njia iliyo safi kuliko zote. Usiku wa kupatwa kwa Mwezi, kivuli kinachouziba ni cha dunia yetu, kwa hiyo katikati ya kupatwa kwake Mwezi huwa mkabala wa Jua, daraja 180 kutoka kwake. Aliye na hesabu ya Jua kwa saa hiyo huongeza daraja 180 akaipata longitudo ya Mwezi, kisha hupima kutoka Mwezi hadi nyota aitakayo, na kwa hila hiyo Jua na nyota hukutana ijapokuwa hakuna aliyeviona pamoja. Hipparchus alivitumia vipimo vya Mwezi uliopatwa katika mwaka 146 na mwaka 135 kabla ya Nabii Isa, akaona kwamba ile nyota ing'aayo katika Sumbula, ambayo Waarabu huiita Simaki, iko yapata daraja 6 magharibi ya mahali pa ulinganifu wa Septemba. Lakini Timocharis, aliyeipima nyota hiyo hiyo Iskandaria karibu miaka 150 kabla yake, alikuwa ameiandikia daraja 8.

Ingalikuwa rahisi kusema kwamba mzee yule alikosea, na habari ikaishia hapo. Hipparchus aliipa heshima kazi ya marehemu, akatambua kwamba mwanzo wenyewe wa kuhesabu ndio unaohama, mithili ya shamba ambalo kigingi cha mpaka wake husogezwa unywele mmoja kila mwaka, hata apimaye kutoka kigingi hicho akaiona minazi yote imesogea. Akakadiria kwamba mwendo huo haupungui daraja moja kwa kila miaka 100. Tafakari ni jambo gani hili. Mwendo ambao mtu akiishi miaka 70 hataona zaidi ya upana wa Mwezi mara mbili, aliugundua kwa kuyaamini maandishi ya mtu aliyekuwa kaburini kwa zaidi ya karne moja, na kwa kuamini kwamba atakuja mwingine baada yake naye atayahitaji ya kwake.

Huyo mwingine akaja. Jioni ya tarehe 23 Februari mwaka 139, Ptolemy alikuwa Iskandaria na chombo chake, nacho ni pete kadhaa za shaba zilizoingiana, moja ikisimama mahali pa duara la buruji na nyingine zikizunguka juu yake, kila moja ikiwa na alama za daraja. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, Jua likiwa linakaribia kuchwa na Mwezi ukiwa umekwisha kupanda juu, alipima kati ya viwili hivyo akapata daraja 92 na sehemu ya nane ya daraja. Majedwali yake yalimwambia kwamba Jua saa hiyo liko daraja 3 na kitu kidogo ndani ya Hutu, kwa hiyo Mwezi ulionekana daraja 5 na sudusi ndani ya Jauza. Nusu saa ikapita, Jua likazama, nyota zikatoka. Akaufanyia Mwezi hesabu ya mwendo wake wa nusu saa, akapunguza kidogo kwa sababu mtazamaji yuko juu ya uso wa dunia wala hayuko katika kitovu chake, kisha akageuza pete akapima kutoka Mwezi hadi ile nyota ya Moyo wa Simba, akapata daraja 57 na sehemu ya kumi. Jumla yake ikamfikisha daraja 2 na nusu ndani ya Asadi. Hipparchus alikuwa ameiacha nyota hiyo katika mwisho wa Saratani, daraja 29 na dakika 50. Basi katika miaka 265 imesogea daraja 2 na dakika 40, nayo ni daraja moja kwa miaka 100 kama mkubwa wake alivyokadiria.

Upimaji huo, kwa mpango wake, hauna dosari, nami sijui habari nyingine ya kale inayomwonyesha mtu wa falaki akiwa kazini waziwazi kama hii. Dosari ilikuwa katika Jua. Majedwali ya Ptolemy yalisimama juu ya urefu wa mwaka aliourithi kwa Hipparchus, siku 365 na robo kasoro sehemu moja ya 300 ya siku, na mwaka huo umezidi ule wa kweli kwa dakika 6 na ushei. Dakika hizo, zilipokusanyika tangu siku za Hipparchus, zilikuwa zimetimia siku nzima na zaidi. Ptolemy aliandika kwamba ulinganifu wa mwaka 132 ulitokea tarehe 25 Septemba, saa nane mchana, ilhali Jua lilikuwa limekwisha kuvuka tarehe 24. Siku moja ya Jua ni daraja moja. Kwa hiyo majedwali yake yaliliweka Jua daraja moja nyuma ya mahali pake, Mwezi ukawekwa nyuma kwa kufuata Jua, Moyo wa Simba ukawekwa nyuma kwa kufuata Mwezi, na katika kitabu chake kikubwa, Almagest, nyota zaidi ya 1,000 ziliandikwa zote zikiwa na upungufu wa karibu daraja moja.

Wako wanazuoni waliosema kwamba hakupima kitu, bali alizichukua nyota za Hipparchus akaziongezea daraja 2 na dakika 40 kila moja, na wengine wakamwita mwizi. Kwamba alitegemea kazi ya Hipparchus kuliko alivyokiri, hilo nalisadiki. Lakini kosa la daraja moja peke yake si ushahidi wa wizi, kwani mtu mwaminifu aliye na Jua lililokosewa angalifika pale pale alipofika yeye; na kama alimwamini mno aliyemtangulia, lawama hiyo ni nyepesi kuliko ya kutomwamini hata kidogo, ambayo ingaliiua elimu hii siku ile ile iliyozaliwa.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu zaidi ya mara moja katika karne ya tisa, na Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hata 833, hakuridhika kusomewa tu, akaamuru mbingu zipimwe upya, kwanza Baghdad katika mtaa wa Shammasiyya mwaka 828, kisha katika mlima Qasiyun ulio juu ya Dameski. Haja yao ya Jua ilikuwa ya dini na ya dunia pamoja, kwa sababu anayejua Jua liko daraja ya ngapi ya buruji gani aweza kuhesabu litapanda juu kiasi gani adhuhuri, kivuli cha alasiri kitakuwa na urefu gani, na alfajiri itapambazuka saa ngapi.

Lakini aliyekaa na kazi hii maisha yake yote ni Muhammad bin Jabir al-Battani, ambaye wazee wake walikuwa Masabii wa Harran, na ambaye tangu mwaka 877 hata 918, miaka 41, alitazama mbingu kutoka mji wa Raqqa ukingoni mwa mto Furati. Huyu hakuogopa kumkosoa bwana mkubwa. Ptolemy alisema kwamba mahali Jua linapokuwa mbali kabisa na dunia ni daraja 65 na nusu, wala hapahami milele. Al-Battani alipima akapata daraja 82 na dakika 17, akaandika alichokipata. Mwezi Septemba 882 aliuangalia ulinganifu kwa uangalifu mkubwa, akaulinganisha na ule wa Ptolemy, miaka 740 na ushei nyuma yake, akagawanya siku zilizopita kwa idadi ya miaka, akapata kwamba mwaka una siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Mwaka wa kweli una karibu dakika 49 baada ya saa hizo tano. Kipimo chake mwenyewe kilikuwa kizuri, lakini Ptolemy alikuwa ameuandika ulinganifu wake siku moja baadaye kuliko ulivyokuwa, hivyo muda kati yao ulionekana mfupi kwa siku moja, na siku hiyo ilipogawanywa juu ya miaka yote ile, kila mwaka ukapunjwa dakika mbili na kidogo.

Siku hiyo hiyo ikamdhuru mara ya pili, na kwa njia iliyo kinyume. Alipolinganisha nyota zake na zile zilizoandikwa katika Almagest, nyota zile za zamani zilikuwa nyuma kwa daraja moja kuliko haki yake, basi mwendo uliopita ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo, akahitimisha kwamba mwanzo wa buruji huhama daraja moja kwa kila miaka 66, na ukweli ni miaka 71 na nusu hivi. Tazama ajabu yake: dosari ile ile iliyomfanya Ptolemy aone mwendo wa polepole mno ilimfanya al-Battani aone mwendo wa haraka mno, kwa kuwa mmoja alisimama mwisho wake na mwingine alisimama mwanzo wake. Al-Battani alifariki mwaka 929, akirejea kutoka Baghdad alikokwenda pamoja na watu wa Raqqa waliopeleka malalamiko yao ya kudhulumiwa, na majedwali yake yakatafsiriwa kwa Kilatini, yakasomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Dakika chache za mwaka si jambo dogo, na sisi watu wa pwani tungepaswa kulijua hilo kuliko wengi. Mwaka wa Nairuzi, uliohesabiwa huku kwa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za nyongeza, una siku 365 kamili wala hauongezwi siku katika mwaka wa nne, kwa hiyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja kwa kulinganishwa na Jua. Mabaharia wakubwa wa bahari yetu, Ahmad bin Majid na Sulayman al-Mahri, waliziandika siku za kufungua na kufunga bahari kwa hesabu ya Nairuzi, nayo ni hesabu njema kwa nahodha mmoja na mwanawe. Lakini baada ya miaka 100 siku 24 na zaidi zimekwisha kupotea, na pepo za kusi na kaskazi hazifuati Nairuzi, hufuata Jua na daraja zake.

Baada ya al-Battani kulitokea jambo ambalo kila nilisomapo hunifurahisha. Abdulrahman as-Sufi, aliyekuwa akifanya kazi Isfahan na Shirazi chini ya mfalme Adud al-Dawla, alitunga kitabu chake cha sura za nyota mwaka 964. Mwangaza wa kila nyota aliutazama kwa jicho lake mwenyewe, akawasahihisha waliomtangulia bila kuoneana haya; ama longitudo alizitwaa za Ptolemy akaziongezea zote daraja 12 na dakika 42, kwa kasi ile ya daraja moja kwa miaka 66. Kasi hiyo ilikuwa ya makosa, na nyota alizoziongezea zilikuwa za makosa, lakini makosa yote mawili yalikuwa yamezaliwa na siku moja ya Iskandaria, yakafutana, na nyota za as-Sufi zikakaa karibu sana na mahali pake pa kweli. Laiti angalipata kasi iliyo sahihi akaitumia juu ya nyota zile zile, angalizikosea.

Marekebisho ya kasi hayakuchelewa sana. Waliokuwa Maragha pamoja na Nasir al-Din al-Tusi, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1259, walitumia daraja moja kwa miaka 70, na kasi hiyo ndiyo iliyotumika Samarkand, ambako Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, alijenga tao la mawe la kulipimia Jua, lenye nusu kipenyo cha karibu mita 40, sehemu yake ya chini ikiwa imechimbiwa ndani ya ardhi. Mwanga wa Jua uliingia kwa tundu juu ukaangukia tao lile adhuhuri, na kwa ukubwa wake daraja moja ilichukua zaidi ya nusu mita. Orodha yake ya mwaka 1437 ina nyota 1,018, zilizopimwa upya isipokuwa 27 zisizopanda katika mbingu za Samarkand, ambazo alizitwaa kwa as-Sufi na kuwajulisha wasomaji kwamba amezitwaa. Mwaka 1449 aliuawa kwa amri ya mwanawe, kituo kikabomoka, na lile tao la chini ya ardhi halikufukuliwa hata mwaka 1908.

Ulaya, Tycho Brahe alimbadilisha mpatanishi. Mwezi una mwendo mwingi na uko karibu mno na dunia, hata mahali pake hutofautiana kwa kila mtazamaji. Kwa hiyo tangu mwaka 1582, kisiwani Hven, alianza kuitumia Zuhura, ambayo ikiwa mbali na Jua huonekana hata mchana kweupe kwa mwenye kujua pa kuitazama. Alipima kutoka Jua hadi Zuhura kabla ya magharibi, na kutoka Zuhura hadi nyota baada yake, akarudia kwa miaka kadhaa, akapata kwamba mwanzo wa buruji huhama sekunde 51 za daraja kila mwaka. Vipimo vya leo ni sekunde 50 na kitu. Hakuwa na darubini, na alifika hapo kwa macho matupu na shaba iliyochongwa vizuri. Mwaka 1687 Isaac Newton akaeleza sababu yake, kwamba dunia imevimba kidogo kwenye istiwai, na mvuto wa Jua na Mwezi juu ya uvimbe huo huuzungusha mhimili wake polepole, mzunguko mmoja kwa karibu miaka 26,000. Ndiyo maana siku ile ya Machi hesabu isemapo kwamba Jua limeingia Hamali, nyota zilizoko nyuma yake leo ni za Hutu.

Tangu tarehe 1 Januari 1998 wanafalaki wa dunia nzima wameacha kuzisimamisha hesabu zao za nyota juu ya ulinganifu wa Machi. Hapo mwanzo walivichagua vyanzo 212 vya mawimbi ya redio vilivyo mbali mno kupita nyota zote tuzionazo, hata mwendo wavyo karibu hautambulikani, na mbingu yote hupimwa kutoka vyanzo vya namna hiyo.